Mpango wa bonde uanze na wanaolilima

Yapo mabonde Pemba ambayo bamvua kubwa likija, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, maji yanaingia mpaka kwenye mpunga. Watu wa Kisiwa Panza wanaijua habari hii vizuri. Si maafa ya kishindo: hakuna paa linaloruka wala redio inayokatiza kipindi. Maji yanapokupwa ardhi inabaki na ukoko mweupe, mpunga unanyauka, na nyumba iliyokuwa ikila mchele wake inaanza kununua wa dukani.

Ninachosema ni kwamba mpango wa kuyarejesha mabonde haya uandikwe na wanaoyalima kabla mtaalamu hajachora mstari hata mmoja. Na simaanishi mkutano. Mkutano tunaujua: gari zinafika saa nne asubuhi, viti vinapangwa skuli, karatasi ya mahudhurio inazungushwa, na ramani imeshabandikwa ukutani. Saa nne hiyo wanawake wengi wako bondeni, au maji yamekupwa wako pwani kwenye mwani. Waliofika wanaulizwa kama wana maoni, na ripoti inaandika kuwa jamii imeshirikishwa.

Niliwahi kutembezwa bondeni na mama mmoja mkulima. "Hapa hapa, mwanangu," aliniambia huku akipakanyaga, "maji ya chumvi yanaingia hapa, ya mvua yanatokea kule." Baina ya hapo na kule ndipo lilipojengwa tuta, na halikuachiwa mlango wa kutolea maji. Tuta la namna hiyo huzuia bahari kweli, lakini mvua ikinyesha bonde hujaa likawa dimbwi. Na chumvi haitoki ardhini kwa kuzuia bahari peke yake. Inaoshwa na maji ya mvua, na maji hayo lazima yapate pa kutokea. Mama yule alikuwa na jibu hilo miaka yote, lakini hakuna aliyemuuliza.

Nalikazania hili kwa sababu mpango wa baada ya maafa hudumu kuliko maafa yenyewe. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja na kuinusuru kwa sehemu kubwa ya Pemba. Kupanda upya kuliamuliwa na wenye mashamba, si watumwa waliochimba mashimo. Pemba ikawa kisiwa cha karafuu, na mpaka leo tunaishi ndani ya uamuzi ule.

Kwengine pia wameyaona. Baada ya kimbunga Katrina cha 2005, ramani ya wapangaji mji wa New Orleans, Marekani, ilitoka Januari 2006, na baadhi ya mitaa ikawekewa duara la kijani, yaani pafikiriwe kuwa bustani. Wakaazi wa Broadmoor walikuta mtaa wao umo. Walijikusanya wakaandika mpango wao wenyewe, nyumba kwa nyumba, na mtaa upo.

Najua litakalosemwa: shehiani nako kuna wakubwa, na kamati inaweza kujaa jamaa wa watu fulani. Ni kweli, na dawa yake ni hesabu kubandikwa hadharani, si kuwanyima watu kauli. Linalonitia wasiwasi zaidi ni wanaolima kwa kuazima. Orodha ya walioathirika inapoandikwa, huandikwa mwenye shamba. Aliyepewa jaruba lake alime msimu huu, na mbegu yake ndiyo iliyokufa, jina lake halimo. Mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi ni mjane. Mpango usiomhesabu huyo umeshakosea kabla ya fedha kufika.

Tuna Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, tuna masheha, na msaragambo, yaani kazi ya kujitolea pamoja, haujafa Pemba. Watu wakiambiwa wajitokeze kupanda mikoko watatoka na majembe yao. Basi wanaotoa nguvu watoe na uamuzi, pamoja na haki ya kusema tuta hili hatulitaki hapa.

Kwa hiyo mradi ukija bondeni kwenu, muulizeni sheha mambo matatu: nani kati ya waliochora alilitembea bonde siku ya bamvua, wanaolima kwa kuazima wameandikwa wapi, na hesabu ya fedha itabandikwa lini.