Chupa tupu ya plastiki ni mzigo wa nani?

Kila mvua kubwa inaponyesha Dar es Salaam, Mto Msimbazi hushusha chupa za plastiki hadi Jangwani, na lawama humwangukia mwananchi: hana ustaarabu, anatupa hovyo. Ni kweli anatupa. Abiria anayerusha chupa dirishani hakutumwa na kiwanda, na anayesubiri mvua ili amwage taka mtaroni anajua zitamfikia jirani wa bondeni. Hilo halina utetezi.

Lakini tukumbuke soda ilivyouzwa kwa miaka mingi. Chupa ilikuwa ya kioo, na ukitaka kuondoka nayo dukani uliacha hela ya chupa au ulikwenda na tupu yako. Mangi alizipanga kwenye kreti, gari lililoleta soda likaondoka nazo. Watu hawahawa tunaowaita wachafu walizirudisha, bila semina wala bango, kwa sababu mwenye kiwanda alizihitaji na aliweka utaratibu wa kuzipata. Ilipokuja ya plastiki, kazi ya kuikusanya ikahamia kwa halmashauri na kwa waokota makopo, wanaopita majalalani juani kutafuta kilo chache za kuuza. Uamuzi huo mnunuzi hakuulizwa.

Viwanda navyo vina hoja, na si nyepesi. Plastiki haivunjiki, inafika vijijini kwa gharama ndogo, na kreti za kioo ni nzito, zinakula mafuta ya gari. Kwa maji ya kunywa, bei hiyo ina maana kubwa kwa mtu wa kipato cha chini. Ila hoja hizi zinaeleza kwa nini plastiki itumike. Hazielezi kwa nini aliyeitengeneza aache kuhusika nayo ikishauzwa.

Sheria yetu yenyewe iliona tofauti hii. Tanzania Bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, anayekutwa nayo aliwekewa faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000. Mtengenezaji, hadi bilioni moja. Na rambo zilipungua haraka mitaani kwa sababu zilizuiwa zinakotoka. Hatukuamka siku hiyo tukiwa waungwana zaidi. Kenya imekwenda mbele: sheria yake ya taka ya mwaka 2022 inamtaka mzalishaji abebe wajibu wa bidhaa yake hata ikishakuwa taka.

Kwangu, pa kuanzia ni chupa ya maji na ya soda. Iwekewe hela ya kurudishiwa, duka liipokee, kiwanda kiifuate, na muokotaji alipwe kiasi kinacholingana na jua linalomchoma. Bei itapanda kidogo, na anayerudisha chupa atapata hela yake. Atakayeitupa mtaroni wakati huo, faini imkute.