Simu Hukumbusha Vizuri, Huhifadhi Vibaya: ADHD na Kazi Kisiwani Lamu

Mtu mzima anayefanya kazi huku akiishi na ADHD, hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya apate taabu kushika umakini, kukumbuka aliyoyakusudia na kujizuia kabla ya kutenda, hupewa nasaha mbili zinazopingana. Ya kwanza humwambia kwamba tiba yake imo mfukoni: simu ina kalenda, ina kengele, ina programu za kupanga kazi, basi azitumie. Ya pili humwambia kwamba simu hiyo hiyo ndiyo inayomvuruga, na akitaka kutulia aiweke mbali. Katika mji kama Lamu, ambako msimamizi wa nyumba ya wageni, nahodha, mwalimu na karani wa kaunti wote huagizwa kazi kwa WhatsApp na malipo mengi hupitia M-Pesa, nasaha ya pili haitekelezeki. Ya kwanza nayo haitoshi. Maoni yangu ni kwamba simu hukumbusha vizuri lakini huhifadhi vibaya, na kwamba wengi huishia kukata tamaa kwa sababu wameipa kazi zote mbili.

Kwanza tuielewe hali yenyewe, kwa sababu mitaani mwenye ADHD huitwa mvivu au mzembe kabla hajaulizwa lolote. Mwongozo wa utambuzi wa DSM-5, uliotolewa mwaka 2013 na chama cha madaktari wa akili wa Marekani, unataka dalili kadhaa ziwe zilianza kabla ya mtu kutimiza miaka 12, na zionekane katika mazingira zaidi ya moja, kwa mfano nyumbani na kazini. Kwa hiyo msahaulifu wa wiki moja yenye shughuli nyingi hahesabiwi. Mwanasaikolojia Russell Barkley, ambaye ameandika kwa miaka mingi juu ya hali hii, husisitiza kwamba mwenye ADHD hakosi kujua la kufanya. Taabu yake ni kulifanya analolijua kwa wakati unaotakiwa. Ndiyo maana anashauri taarifa zitolewe kichwani na ziwekwe nje, mahali pale pale kazi inapofanyika.

Wanaotetea vifaa vya kidijitali wana hoja nzito hapa. Mwaka 2010 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti wa Steven Safren na wenzake kuhusu watu wazima 86 wa Marekani waliokuwa wakitumia dawa za ADHD na bado wakasumbuliwa na dalili. Waliopewa vikao 12 vya tiba ya kubadili fikra na mienendo walipata nafuu kubwa kuliko waliofundishwa namna ya kutuliza mwili. Tiba hiyo ina sehemu kadhaa, lakini huanza na jambo la kawaida kabisa: kalenda moja na orodha moja ya kazi, vinavyotazamwa kila siku. Simu inaweza kubeba vyote viwili, haiachwi nyumbani, na hulia yenyewe.

Mfikirie mama anayesimamia nyumba ya wageni huko Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu. Yuko sokoni akipimiwa samaki, simu inaingia: mgeni kutoka Nairobi anataka vyumba viwili, atafika kwa ndege kisiwa jirani cha Manda, na mtoto wake hali karanga. Zamani maneno hayo yangekaa kichwani mpaka arudi, na kwa mwenye ADHD yasingefika naye mlangoni. Leo anaweza kubonyeza na kujirekodia sauti kwa sekunde chache, na ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya awali ukabaki kuwa ushahidi wa tarehe na kiasi bila yeye kuandika chochote. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari limejiandika lenyewe. Kwa mtu ambaye maisha yake yote ameambiwa "umesahau tena", huo ni msaada wa kweli, na asiyeuhitaji asiudharau.

Hata hivyo, kalenda za simu hudhani kwamba siku ya mtu hugawanywa kwa saa zilizopangwa, zinazojirudia vile vile wiki baada ya wiki, na Lamu haiendi hivyo. Bosi akisema tukutane saa nne asubuhi, kalenda inataka iandikwe 10:00. Mtu mwingine huruka zile saa sita bila kufikiri, lakini kwa mwenye ADHD aliye katikati ya pilikapilika, kila hatua ya ziada kati ya kusikia na kuandika ni nafasi ya jambo kupotea, au ya kengele kulia alfajiri akiwa amelala. Kwa wazee wetu, tena, usiku wa Ijumaa huanza Alhamisi jua linapotua, ilhali kwa kalenda ya simu huanza siku ya pili yake.

Bahari nayo ina ratiba yake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Anayepeleka mizigo Pate au Faza kwa kupitia Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, hawezi kupuuza jambo hilo, kwa sababu chombo kilichobeba uzito husubiri maji yajae. Sasa tuseme amejiwekea kikumbusho cha kila Jumatatu saa mbili asubuhi kwa sababu Jumatatu hii maji yalikuwa yamejaa saa hiyo. Wiki ijayo, baada ya siku saba za kuchelewa, tofauti itakuwa karibu saa sita, na kengele ile ile italia wakati maji yamekupwa. Baada ya mara mbili tatu za namna hiyo mtu huacha kuiamini simu, na kengele isiyoaminika huzimwa bila kusomwa. Hasara hiyo ni kubwa kuliko kutokuwa na kengele kabisa, kwa kuwa sasa hata ile ya kweli haitasikilizwa.

Hapa ndipo ninapoona kwamba mji wenyewe una nyenzo ambayo watunga programu hawakuifikiria. Watafiti wa kumbukumbu hutofautisha kukumbuka jambo kwa kufuata saa na kukumbuka jambo kwa kufuata tukio; na wenye ADHD huonekana kutatizika zaidi katika aina ya kwanza, ambayo humtaka mtu auchunge wakati peke yake. Adhana ni tukio. Husikika mji mzima mara tano kwa siku, haihitaji chaji, na hata asiyekuwa Mwislamu anaisikia. "Baada ya alasiri nitampigia mwenye boti" ni mpango unaoshika zaidi kuliko "saa kumi kasorobo nitampigia mwenye boti", na simu ikiongezewa hapo kama mkumbushaji wa pili inakuwa imepewa kazi inayoiweza. Vivyo hivyo kwa anayefanya kazi jeti, ambaye anaweza kufunga orodha yake na kuwasili kwa boti ya kwanza kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, badala ya kuifunga na saa.

Upande wa pili, wa wanaoilaumu simu, una hoja ambayo naiona nzito kuliko zote. Kwa mtu mwenye ADHD, kisichoonekana ni kama hakipo. Nyumba za mawe za Amu, yaani mji wa Lamu, zina zidaka, vishubaka vilivyo ukutani, na kilichowekwa kwenye kidaka kinaonekana na kila anayepita. Simu ni sanduku lenye kifuniko. Orodha ya kazi iliyomo ndani ya programu, iliyomo ndani ya ukurasa wa tatu wa skrini, inamtaka mtu akumbuke kwanza kwamba orodha ipo, na kukumbuka ndiko hasa kunakomshinda. Zaidi ya hayo, njia ya kuifikia inapita sokoni: amefungua simu ili atazame kazi ya tatu, akakuta kundi la harusi lina jumbe tisini, la chama linadai mchango, la wazazi wa madrasa linabishana juu ya sare, na baada ya nusu saa hakumbuki simu aliifungua kwa nini.

Baadhi ya watu hutoka hapo wakadai kwamba simu ndiyo inayoleta ADHD. Utafiti unaotajwa sana ni ule wa Chaelin Ra na wenzake, uliochapishwa mwaka 2018, uliowafuatilia vijana 2,587 wa sekondari za Los Angeles kwa miaka miwili, ukakuta kwamba waliotumia zaidi vyombo vya kidijitali walielekea kwa kiasi fulani kuonyesha dalili. Lakini uhusiano wa mambo mawili hauthibitishi kwamba moja limezaa jingine, na watafiti wenyewe walisema hivyo. Hoja ya kuvurugwa na simu inasimama bila kuhitaji dai hilo.

Kuna pia mvuto wa upya. Siku ya kwanza ya programu mpya ni tamu: rangi huchaguliwa, kazi hupangwa kwa makundi, mtu huhisi maisha yamenyooka. Upya ukiisha, hamu huisha, kisha hutafutwa programu nyingine, na kazi za mtu hubaki zimetapakaa sehemu nne asizozitazama. Ongeza gharama ya bando, ada zinazotozwa kwa dola, simu iliyojaa na umeme unaokatika, na utaona kwa nini ninawashauri wanaoanza wasilipie kitu chochote. Kalenda na kengele zilizokuja na simu zinatosha.

Karatasi nayo haina budi kupimwa kwa kipimo hicho hicho. Ubao ulioning'inizwa karibu na mlango wa ofisi unaonekana bila kufunguliwa, hauna makundi ya harusi, na mwenzako akipita anaweza kukukumbusha. Lakini ubao haulii, haufuatani na mtu hadi Mokowe, na karatasi ikidondoka kwenye maji ya boti imekwenda na kazi zote. Kwa hiyo mgawanyo ninaoupendekeza ni huu: linalotakiwa kwa tarehe na saa maalumu liingie kwenye kalenda moja ya simu, lenye kengele na lililoandikwa papo hapo, linalotakiwa kufanywa leo liandikwe ubaoni kwa herufi kubwa, mambo matatu au manne, yasizidi, na kila siku baada ya magharibi mtu avitazame vyote viwili kwa pamoja. Arifa za makundi zizimwe saa za kazi. Hii haitamfaa kila mtu, na haichukui nafasi ya uchunguzi wa daktari wala dawa kwa anayezihitaji, ingawa mtu wa visiwani mara nyingi hulazimika kuvuka kwenda bara kuvitafuta.

Mzigo huu, lakini, hautoki kwa mfanyakazi peke yake. Ofisi inayoagiza kazi kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu usiku, kisha ikaibadilisha kesho yake katika kundi jingine, humshinda hata mwenye kumbukumbu nzuri. Agizo moja, kwa maandishi, mahali pamoja, likitaja kazi na siku ya mwisho, haligharimu kitu, na mfanyakazi anaweza kuliomba bila kuitaja ADHD. Akiamua kuitaja, ajue kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu hali ya afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na kwamba bosi aliyeelezwa jambo hilo faraghani hana haki ya kulipeleka katika kundi la WhatsApp la ofisi.