Mtoto akiingizwa kwenye utafiti wa mazingira, mzazi aambiwe nini?

Mtafiti amepiga magoti sebuleni. Anapangusa ukingo wa dirisha kwa kitambaa chenye unyevu, anakitia kwenye kichupa na kuandika namba. Pembeni yake mtoto wa miezi tisa anatambaa, kisha anatia vidole kinywani. Vumbi lile lile lililoingia kichupani limekwisha kuingia tumboni.

Ndiyo maana wanaotaka familia zenye watoto wadogo ziandikishwe kwenye tafiti za namna hii wana hoja nzito. Kwa kila kilo ya uzito wake, mtoto huvuta hewa na kunywa maji zaidi kuliko mtu mzima, na ubongo wake bado unajengeka. Ukipima wakubwa peke yao, hutajua kinachompata yeye. Mwaka 1979 daktari wa Marekani, Herbert Needleman, na wenzake walichapisha utafiti wa meno ya utotoni yaliyong'oka, yaliyokusanywa kwa wanafunzi. Wale ambao meno yao yalikuwa na risasi nyingi, yaani ile metali yenye sumu, walipata alama za chini katika vipimo vya akili, na hakuna aliyekuwa ameonekana mgonjwa. Meno hayo yalitoka kwa familia zilizokubali.

Lakini kukubali huko kunapatikanaje? Mwaka 2004 shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira, EPA, lilitangaza utafiti wa watoto wachanga 60 huko Duval, Florida, katika nyumba zinazotumia dawa za kuua wadudu. Familia ingefuatiliwa miaka 2 na kupata hadi dola 970 pamoja na kamera ya video. Dola milioni 2 zilitoka American Chemistry Council, umoja wa wenye viwanda vya kemikali. EPA ilisema hakuna aliyetakiwa kupuliza dawa zaidi ya kawaida yake. Wapinzani wakajibu kwamba mwenye shida ataendelea kupuliza ili asitolewe. Aprili 2005 utafiti ukafutwa kabla haujaanza.

Hofu yao naielewa, hasa kwa kuwa wenye viwanda walikuwa na mkono humo. Hata hivyo, naona posho ilibebeshwa lawama kupita kiasi. Mama anayefungua mlango kwa wageni miaka 2, anayekusanya nepi na kujaza madaftari, anafanya kazi, na kumnyima malipo hakumlindi.

Kinachoniumiza zaidi kilitokea Baltimore, mji wa jimbo la Maryland, Marekani. Katika miaka ya 1990 taasisi ya Kennedy Krieger ililinganisha njia za gharama mbalimbali za kupunguza rangi yenye risasi katika nyumba za kupanga, na familia zenye watoto wadogo zikaishi humo huku damu na vumbi vikipimwa. Watafiti walikuwa na utetezi wa kweli: nyumba nyingi ambazo familia hizo zingepata kwingine hazikuwa zimeguswa kabisa. Lakini wazazi walikwenda mahakamani wakisema hawakuelezwa ipasavyo hatari iliyoonekana kwenye vipimo. Mwaka 2001 mahakama ya juu ya Maryland ilisema mtafiti anaweza kuwa na wajibu wa kisheria kwa mshiriki wake, na fomu ya ridhaa inaweza kuwa mkataba.

Wako watafiti wanaosema ukimwambia mzazi mapema, atadeki, atahama, na takwimu zitaharibika. Ni kweli zitaharibika. Zikiharibika kwa sababu mtoto ameondolewa kwenye sumu, mimi naona hasara hiyo ni ya mtafiti kuibeba, na bajeti yake iandaliwe hivyo tangu mwanzo. Ugumu wa kweli uko kwenye kemikali ambazo sayansi bado haijui kiwango gani kinadhuru, kwa sababu namba tupu inaweza kumkosesha mama usingizi bila kumpa la kufanya. Hata hapo, achague mwenyewe kama anataka kuijua. Kwa risasi hakuna kisingizio hicho: Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Basi kabla kitambaa hakijagusa dirisha, fomu iseme nani atampigia mzazi simu, ndani ya siku ngapi, na nani atagharamia kuondoa ile rangi.