Kuuza Miche ya Kisambo: Kunausaidia Mmea wa Mlimani au La?

Kisambo ni sikadi, yaani mmea wa kale unaofanana na mnazi mfupi lakini usiotoa maua, inayoota kwenye vilima vya Maungu na Kasigau, Kaunti ya Taita Taveta. Wanabotania Faden na Beentje waliipa jina rasmi la Encephalartos kisambo mwaka 1989. Eneo lake ni dogo, na imo miongoni mwa mimea iliyo hatarini kutoweka. Kama sikadi zote za jenasi (kundi) hiyo ya Encephalartos, imewekwa katika Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini: iliyong'olewa porini haiuzwi nje ya nchi kibiashara, ila iliyooteshwa kitaluni kwa masharti hupewa unafuu wa Kiambatisho cha II, kinachoruhusu biashara kwa kibali. Ubishi wote umezunguka unafuu huo.

Wanaotaka biashara ya vitalu wana hoja nzito. Sikadi huwa dume au jike, na porini uchavushaji hufanywa na mbawakawa. Mimea ikibaki michache na kutawanyika, koni (fumba la magamba linalobeba chavua au mbegu) ya dume hukomaa wakati jike hayuko tayari, na mbegu zinazodondoka zinakuwa tupu. Kitaluni tatizo hili hutatulika. Koni ya dume ikianza kumwaga chavua, hukatwa na kulazwa juu ya karatasi safi, mahali pakavu pasipo na upepo, kwa siku moja au mbili. Chavua huchujwa, ikakaushwa na kuwekwa kwenye friza ndani ya chupa isiyopitisha hewa, ikisubiri jike. Magamba ya koni ya jike yakianza kuachana na kuonyesha nyufa nyembamba, chavua hupulizwa ndani ya nyufa hizo kwa mrija, kisha kazi hurudiwa kila baada ya siku mbili hadi nyufa zifunge. Koni moja iliyochavushwa vizuri huweza kutoa mamia ya mbegu.

Baada ya hapo subira ndiyo kazi, na wengi hushindwa papo hapo. Mbegu ikidondoka, kiinitete chake, yaani mmea mdogo ulio ndani, bado ni kichanga. Nyama nyekundu ya nje hutolewa mapema kwa kuloweka siku mbili tatu na kusugua, mikono ikiwa ndani ya glavu kwa kuwa ina sumu. Ikiachwa, huzuia kuota na kukaribisha kuvu. Mbegu safi huhifadhiwa mahali penye ubaridi kidogo kwa takriban miezi sita ndipo zipandwe. Hulazwa ubavu, zikizama nusu tu kwenye mchanga mkubwa wa mto ulio na unyevu kidogo, kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Mzizi hutangulia na kuteremka haraka, kwa hiyo chungu kiwe na kina cha sentimita 25 au zaidi. Muuaji mkuu hapa ni maji mengi: mzizi huoza wakati jani bado ni la kijani, na mkulima akiona jani linanyong'onyea huongeza maji tena. Kosa lingine ni kukata vimizizi vyenye umbo la matumbawe vinavyochomoza juu ya udongo kwa kudhani ni ugonjwa. Vimizizi hivyo ni makazi ya bakteria wanaoupa mmea naitrojeni.

Wapinzani hawabishi kwamba miche huota. Wanauliza nani anaitaka. Shina la sikadi hukua sentimita chache tu kwa mwaka, na mnunuzi tajiri hanunui mche wa majani matatu; ananunua umri. Afrika Kusini ina vitalu na wataalamu wengi, lakini spishi kadhaa za jenasi hii zimekwisha porini. Encephalartos woodii imebaki ya madume tu, yote yakiwa nakala za mmea mmoja uliopatikana msitu wa oNgoye, nchini humo, mwaka 1895. Hata bustani ya mimea ya Kirstenbosch, mjini Cape Town, iliibiwa sikadi zaidi ya 20 mwaka 2014. Kitalu hakiwezi kushindana na mwizi katika bidhaa ambayo yeye haisubiri.

Kuna pia hofu ya kusafisha mali ya wizi: mmea wa mlimani hukaa kitaluni miaka miwili, kisha hupewa karatasi za mmea uliooteshwa. Mkaguzi makini huweza kuutambua. Shina huwa na makovu ya moto au meno ya wanyama, mizizi minene imekatwa kwa panga, na majani mapya ni mafupi kuliko makovu ya yale ya zamani yanavyodokeza. Mche wa mbegu una shina lililolingana pande zote.

Kuna pia hoja kwamba sikadi ni chakula; hiyo naiona dhaifu. Jamaa yake wa pwani, mtapo, aliwahi kutoa unga nyakati za njaa baada ya vipande kulowekwa siku kadhaa huku maji yakibadilishwa, kwani sumu yake huharibu ini. Lakini kupata wanga wa shina ni kuua mmea wa miongo mingi, na uhakika wa kuondoa sumu yote ni mdogo.

Binafsi naegemea upande wa kuruhusu, kwa kikomo kimoja kikali: iuzwe miche isiyo na shina linaloonekana juu ya udongo, basi. Shina lolote nene sokoni lihesabiwe la porini hadi mwenyewe aonyeshe kumbukumbu za koni mama, tarehe ya kupanda na picha za kila mwaka. Vilevile miche ya kuuza isichanganywe na ya kurudisha mlimani. Chavua ya mtapo au ya sikadi nyingine yoyote ya jenasi hiyo ikiingia kwenye koni ya kisambo, huzaa machotara yanayomea vizuri. Yanafaa bustanini, yakipandwa Kasigau yataharibu ukoo wa mimea iliyosalia. Kwa mbegu za kurudisha porini, koni ya jike ifunikwe kwa mfuko wa kitambaa chepesi kabla nyufa hazijafunguka, na dume liwe la kilima kilekile.