Timu ya sheria kwenda kugombea London: ni kupoteza pesa?

Pitisha bakuli la kuchangia wanafunzi wa sheria wanaotaka kwenda kwenye mashindano ya mahakama ya kuigiza ya sheria ya ushindani wa biashara (ile inayozuia makampuni kulibana soko), kama yale ya King's College London, uone maneno yatakavyoanza. Hawa wanasema waacheni vijana wakaone dunia. Wale wanauliza tikiti, viza na hoteli za watu wanne watano za nini, wakatetee sheria ya Ulaya ambayo mama anaeuza nguo soko la Owino, Kampala, haimhusu hata kidogo?

Mimi niko na wanaotaka waende, ila sababu zao nyingine hazinishiki. Eti kujiamini mbele ya majaji, hiyo si unaipata hata Mukono kwa nauli ya taksi tu.

Kinachonishika ni kwamba hii sheria kwetu bado mbichi kabisa. Tanzania wana yao ya 2003, Kenya ya 2010, tume ya ushindani ya COMESA, soko la pamoja la Afrika Mashariki na Kusini, kule Lilongwe, Malawi, ilianza kazi 2013 na Uganda ni mwanachama, lakini sisi tulikaa hivyo hivyo mpaka mwezi wa pili 2024 Rais aliposaini sheria ya ushindani, tena aliirudisha bungeni kwanza kwa sababu wabunge walikuwa wameweka tume ya kujitegemea wakati serikali inapunguza mashirika, mwisho kazi ikaangukia wizara ya biashara. Airtel ilipoinunua Warid hapa 2013, hatukuwa na sheria ya jumla ya kuuliza je soko linabaki na nani, ilikuwa ni mambo ya mdhibiti wa mawasiliano tu. Sasa kesho kampuni mbili za sukari zikitaka kuungana, pale wizarani nani atakaa kuchambua faili? Afadhali awe mtu aliewahi kukesha akibishana soko husika (yaani bidhaa zipi zinashindana, na wapi) linapimwa vipi, tena kwenye mengi ya haya mashindano unaandika hoja za mlalamikaji na za mlalamikiwa zote mbili, kwa hiyo huwezi kujificha upande mmoja.

Lakini wapinzani nao wana pointi, na si ndogo. Kesi za kule zinajengwa juu ya vifungu vya 101 na 102 vya mkataba wa utendaji wa Umoja wa Ulaya, kimoja cha makampuni kula njama, kingine cha mkubwa kutumia vibaya nguvu zake sokoni. Google kupigwa faini ya yuro bilioni 2.42 mwaka 2017 kwa kupendelea huduma yake ya kulinganisha bei na mahakama kuithibitisha 2024, hiyo ni vita ya data na wachumi wa bei ghali. Huku kwetu ni mkulima wa mahindi mwenye mnunuzi mmoja, ni sapulaya anaebanwa na supamaketi, na majirani tayari wana mafaili ya namna hiyo: Kenya 2023 waliipiga Carrefour faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1 za kwao kwa kuwabana masapulaya wawili. Tanzania, mwenye saruji ya Twiga alipotaka kuinunua Tanga Cement, tume yao ya ushindani ikakubali 2022, baraza la ushindani linalosikiliza rufaa likautupa uamuzi huo, 2023 tume ikakubali tena. Kijana anaijua Google mpaka nukta, ya Tanga hajaisikia, hapo kweli kuna kasoro.

Na wanaoenda ni walewale kila mara, wenye pasipoti tayari na mzazi wa kujazia pengo. Wakirudi wanachukuliwa na ofisi kubwa za mawakili kutetea makampuni, sio wizara (siwalaumu, wakili nae anakula).

Ila hilo la sheria ya Ulaya naona linakuzwa. Maswali ya msingi, nani anatawala soko, ameumiza nani, ni yaleyale hata ukienda Lilongwe, kinachobadilika ni ushahidi na ukubwa wa soko. Kwa hiyo chuo kilipie, lakini kwa masharti: timu ikirudi iendeshe kesi nzima kwa wanafunzi wa mwaka wa pili ikitumia mafaili ya Kenya na Tanzania, na raundi ambazo waandaaji wanaruhusu mtandaoni zifanywe hukohuko mtandaoni, pesa ya tikiti imsaidie asie na mzazi wa kumjazia. Yaandikwe kwenye barua ya udhamini kabla mtu hajaomba viza, kwa sababu akisharudi na medali hakuna wa kumshika.