Mawazo ya Montréal-Nord

Kwa Kikrioli cha Haiti, mtu aliyezongwa na mambo husemwa ana "reflechi twòp", anawaza kupita kiasi. Sisi tungesema "ana mawazo" tu, tukaelewana: halali, chakula hakipiti, kichwa kimejaa. Mwaka 2020 hali hiyo iliwakumba Wahaiti wengi wa Montréal-Nord, eneo la jiji la Montréal lililokuwa miongoni mwa yaliyoumizwa zaidi na korona nchini Kanada. Tangu hapo kuna mvutano: walihitaji tiba ya akili, au walihitaji kuondolewa yale waliyokuwa wakiyawaza, kama kukosa makaratasi ya ukaazi?

Wanaotetea tiba hawakosei. Kwa familia nyingi za Kihaiti, kwenda kwa daktari wa akili ni kujitafutia jina la "fou", mwendawazimu, kwa hiyo mzigo hupelekwa kwanza kanisani au kwa oungan, kuhani wa Vodou, hospitali ikabaki mwisho. Korona ilifunga makanisa, ikazuia mikesha ya msiba na sala za siku tisa zinazokusanya ukoo na majirani. Kuna waliokuwa bado na majeraha ya tetemeko la ardhi la Haiti la Januari 2010. Sonona haiponi kwa muhuri wa uhamiaji, na mnasihi anayezungumza Kikrioli si anasa.

Ila hoja hiyo huanza na mgonjwa, haiulizi siku yake inakwendaje. Wahaiti wengi waliokuja Kanada kuomba hifadhi waliingia kwa miguu kupitia Roxham Road, njia isiyo rasmi ya mpakani kutoka Marekani, kuanzia 2017, serikali ya Trump ilipotishia kuondoa ulinzi wa muda waliopewa Wahaiti Marekani baada ya tetemeko. Kazi iliyopatikana haraka ilikuwa kwenye nyumba za wazee, mara nyingi kupitia mawakala waliowahamisha kutoka nyumba moja hadi nyingine. Ndimo vilimotokea vifo vingi vya wimbi la kwanza Québec. Waziri Mkuu wa jimbo, François Legault, akawaita wahudumu wa afya malaika walinzi. Malaika hao, kama walikuwa waomba hifadhi, tangu Aprili 2018 hawakuruhusiwa kupeleka watoto wao kwenye vituo vya malezi vyenye ruzuku.

Agosti 2020 Kanada ikatangaza mpango wa kuwapa ukaazi wa kudumu. Sharti: uwe umefanya kazi saa 120 kati ya 13 Machi na 14 Agosti, na kazi yenyewe iwe ya kumhudumia mgonjwa moja kwa moja. Hapa ndipo ninapokwama kila nikilifikiria jambo hili. Aliyemlisha mzee alihesabiwa. Aliyedeki chumba alimofia mzee yuleyule hakuhesabiwa, wala mlinzi wa mlangoni, wala aliyepika jikoni. Hewa waliivuta moja, hofu ya kuupeleka ugonjwa nyumbani ilikuwa moja. Ndani ya nyumba moja, dada angeweza kupata makaratasi na kaka akabaki akisubiri barua ya kufukuzwa. Huyo kaka akikosa usingizi, mnasihi amwambie nini? Avute pumzi polepole? Anachokiwaza kipo kweli, kina tarehe na kina ofisi.

Hata ile tabia ya kukwepa hospitali, inayoitwa utamaduni, ina historia. Mwaka 1983 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa iliwaorodhesha Wahaiti, taifa zima, miongoni mwa makundi hatarishi ya UKIMWI. Waliondolewa 1985, lakini watu walikuwa wameshaachishwa kazi, watoto wameshatengwa shuleni. Mtu anayekumbuka hayo halikimbilii dirisha la mapokezi la hospitali wakati ugonjwa mwingine mpya umeingia mjini.

Ndiyo maana nawaunga mkono wanaosema makaratasi yatangulie na unasihi ufuate, kwa sababu mnasihi hufanya kazi vizuri na mtu anayejua kwamba mwakani bado atakuwepo.

Mpango ulifungwa 31 Agosti 2021. Majuma mawili kabla, tarehe 14, ardhi ilitikisika tena kusini mwa Haiti na kuua zaidi ya watu 2,200, Rais Jovenel Moïse akiwa ameuawa mwezi mmoja tu nyuma. Mwenye ukaazi mkononi angeweza angalau kufikiria safari ya kwenda kuzika. Mdeki sakafu aliyeachwa nje hakuweza kuondoka Kanada bila kuhatarisha ombi lake la hifadhi, basi alipokea msiba kwenye simu, akaenda kazini.