"Kama" Imewakosea Nini?

Jamani, hili neno "kama" limewakosea nini wanafunzi wa fasihi? Wakishaambiwa tashbiha hulinganisha kwa kama, mithili ya au mfano wa, basi kila "kama" la kitabuni linakamatwa. Mhusika kasema "kama mvua itanyesha hatutaenda," mtu anaandika: tashbiha! Kimelinganishwa nini na nini, wewe? Hilo ni sharti. Tashbiha inataka vitu viwili: "Sauti yake ilikwaruza kama msumeno." Ondoa kiunganishi, "sauti yake ni msumeno," hiyo sasa sitiari. Kazi imekwisha, tulale.

Hatulali. Kuna dhamira na ujumbe. Ukiuliza dhamira unapewa methali; ukiuliza ujumbe unajibiwa "ndoa." Ndoa imefanyaje? Dhamira ni jambo linaloshughulikiwa, tuseme ndoa za kulazimishwa. Ujumbe ni funzo linalotoka humo: mzazi akimchagulia binti mume, asije kulalamika binti akirudi na masanduku.

Mandhari nayo, yaani mahali na wakati wa matukio, eti "ni nzuri, ina miti." Haya.

Ila ushairi ndio unaonitoa jasho. Tarbia ni shairi lenye mishororo, yaani mistari, 4 kila ubeti. Mshororo unakatwa katikati kwa koma, kipande cha kwanza ukwapi, cha pili utao. Mtu anahesabu vipande badala ya mishororo, anapata 8, na anaapa! Tukifika kwenye mizani, yaani silabi, ndiyo balaa. "Mtoto" ni m-to-to, 3. Yeye anaimeza ile "m," anapata 2, kisha anaandika kwa wino mweusi kwamba mshairi amekiuka arudhi, yaani kanuni za utunzi. Mshairi kapanga mizani zake 8 kwa 8, kila kipande 8, vizuri kabisa, anashitakiwa na mtu asiyejua kuhesabu herufi moja.

Na wahusika? "Ni mwema." Nani kasema? Sifa bila tukio au kauli yake kutoka kitabuni haina alama. Andika sifa, taja alichotenda, eleza kinavyoithibitisha. Sentensi 3 tu, watu wanaona wameombwa figo.

Halafu kuna huyu "mimi" wa hadithi. Usimulizi wa nafsi ya kwanza, msimulizi anakiri kamuua jirani yake, na karatasi inakuja imeandikwa: "Mwandishi ni muuaji." Huyo ni msimulizi, kabuniwa kama wahusika wengine! Mwandishi wa watu hata hao majirani hajawahi kugombana nao.